Wewe ni wa Nani? Habari za Majina ya Ukoo ya Warusi

Tusikiapo habari za dunia katika redio, au tusomapo magazeti, hukutana mara kwa mara na majina ya Warusi, na wengi wetu huyapita mbio kama mtu apitaye penye upupu. Husema kwamba majina hayo ni marefu mno, tena yote ni mamoja, maana mwisho wake ni -ov, au -ev, au -in. Wanafunzi wangu katika chuo cha ualimu waliniambia maneno hayo hayo nilipowasomea hadithi moja ya Kirusi. Kabla hatujafika katikati walikuwa wamekwisha kuwachanganya watu wote wa hadithi, wakimdhani Ivan Petrovich kuwa ndiye Petr Ivanovich, na baba kuwa ndiye mwana. Sikuwalaumu. Lakini siku ile niliiacha hadithi, nikawaeleza habari ya majina peke yake, na saa ikaisha tungali tukizungumza. Habari hiyo ndiyo niliyowaletea leo.

Kwanza tuangalie jinsi Mrusi aitwavyo. Ana majina matatu: jina lake mwenyewe, jina la babaye, na jina la ukoo. Tumchukue mtu aitwaye Ivan Petrovich Kuznetsov. Ivan ndilo jina alilopewa alipozaliwa, nalo ni lile lile ambalo sisi twalitamka Yohana. Petrovich ni kusema kwamba baba yake ni Petr, yaani Petro. Kuznetsov ndilo jina la ukoo, nalo limetoka katika neno kuznets, maana yake mhunzi. Dada yake huitwa Anna Petrovna Kuznetsova, kwa kuwa Kirusi hutenga majina ya wanawake na majina ya wanaume. Mtu akitaka kumwita mkubwa wake kwa heshima humwita kwa jina lake na la babaye pamoja: "Ivan Petrovich". Ndivyo mwalimu aitwavyo na wanafunzi wake, na daktari na wagonjwa wake.

Msidhani kwamba heshima hiyo ya kutajwa pamoja na baba ilikuwa ya kila mtu tangu zamani. Mwisho ule wa -vich ulikuwa tunu ya wakubwa. Mtu mdogo aliandikwa "Ivan Petrov syn", yaani Ivan mwana wa Petro, bila ya -vich. Mwaka 1610 Kaizari aliwapa ukoo wa Stroganov, matajiri wa biashara ya chumvi, ruhusa ya kuandikwa kwa -vich, na jambo hilo lilihesabiwa kuwa zawadi kubwa. Tena mtu aliyepeleka ombi kwa Kaizari, hata akiwa mtu wa cheo, alijidunisha katika barua yake na kujiandika "Ivashka", kama mtoto mchanga. Peter Mkuu ndiye aliyeikataza desturi hiyo, mwishoni mwa mwaka 1701.

Sasa tuje kwenye jina la ukoo lenyewe. Sisi katika Kiswahili tukitaka kuonyesha mwenye kitu husema nyumba ya Petro, mtoto wa Petro. Warusi wa kale walilifunga neno hilo mwishoni mwa jina: nyumba ya Petr ni dom Petrov, mwana wa Petr ni syn Petrov. Kwa hiyo Petrov si jambo gumu hata kidogo. Maana yake ni "wa Petro", basi. Ikiwa jina laishia kwa sauti ya a, kama Nikita au Ilya, mwisho hugeuka kuwa -in: Nikitin, Ilyin. Na ikiwa sauti ya mwisho ni laini huwa -ev: mwana wa Sergey ni Sergeyev. Mzee wa kijiji akimkuta mtoto asiyemjua humwuliza, "Chei ty?" yaani, "Wewe ni wa nani?" Naye mtoto hujibu kwa neno moja, "Petrov." Likumbukeni sana swali hilo, maana lilikuwa na majibu ya namna mbili, nami nitalirudia.

Kwa miaka mingi jina hilo halikuwa la ukoo, bali lilikuwa la baba tu. Ivan mwana wa Petr aliitwa Petrov, na Sidor mwana wa Ivan aliitwa Ivanov, kama vile mwana wa Juma bin Ali aitwavyo Hamisi bin Juma, na Ali hatajwi tena. Ndugu wawili waliohama kijiji waliweza kuacha nyuma yao koo mbili zenye majina mbalimbali. Kisha wakaja makarani. Peter Mkuu alihitaji askari na fedha, na kuanzia mwaka 1718 akaamuru wanaume wote wenye kulipa kodi ya kichwa waandikwe vijijini. Karani mwenye kalamu hakupenda majina yageukayo kila kizazi. Polepole, hapa mapema na pale baadaye sana, jina liliganda. Mtu aliyeitwa Petrov akamwachia mwanawe Petrov, na mjukuu vile vile, hata ikawa leo mamilioni ya watu hubeba jina la babu ambaye hakuna amjuaye: alikaa wapi, wala alifanya kazi gani.

Na karani akikosea, kosa hudumu. Nasema hivi nikiona haya kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe, katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, niliandika vibaya jina la baba wa mvulana mmoja katika daftari la mahudhurio. Kosa likanakiliwa katika cheti chake. Nilipokutana naye baada ya miaka mingi alikuwa na watoto watatu, na wote watatu wameandikwa jina nililolizua mimi.

Majina mengine hayakutoka katika jina la baba bali katika kazi yake. Melnikov ni wa msaga unga, Rybakov ni wa mvuvi, Goncharov ni wa mfinyanzi, Plotnikov ni wa seremala. Popov ni wa kasisi, maana makasisi wa Kanisa la Orthodoksi huoa na kuzaa. Mengine ni ya wanyama, kwa kuwa watu wa kale walipenda kuwapa watoto majina ya viumbe wa porini: Volkov ni wa mbwa mwitu, Medvedev ni wa dubu, Zaitsev ni wa sungura, Golubev ni wa njiwa. Mabwana wakubwa wenye nchi waliitwa kwa mahali walipotawala, na majina yao huishia kwa -sky: Vyazemsky ni wa mji wa Vyazma. Ndiyo sababu watu wa zamani waliposikia -sky walijiweka sawa kitini.

Mengi zaidi ni lakabu, na lakabu haina huruma. Tolstoy, jina la yule mwandishi mashuhuri, maana yake ni mnene. Gorbachev, jina la kiongozi wa mwisho wa Dola ya Kisovyeti iliyovunjika mwaka 1991, limetoka katika neno gorbach, yaani mwenye kibyongo. Mwandishi Gogol jina lake ni la namna ya bata. Tena kulikuwa na majina mabaya yaliyotolewa kwa mapenzi. Wazazi waliogopa jicho la husuda, wakamwita mtoto wao mzuri Nekras, yaani "si mzuri", ili mauti yampite. Wajukuu wake wakawa Nekrasov. Mtoto asiyetazamiwa aliitwa Nezhdan, na ukoo wake Nezhdanov. Sisi tunaowajua kina Mashaka na Tabu hatuna haja ya kufasiriwa jambo hili.

Wala si Warusi wote walio na asili ya Kirusi. Wakuu wa kabila la Wanogai, watu wa nyika waliokuwa Waislamu, waliingia katika utumishi wa Kaizari, na mmoja wa wakuu wao aliitwa Yusuf. Wazao wake wakawa Yusupov, ukoo uliokuja kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa kabisa wa Urusi. Liondoeni -ov hilo mtaliona jina ambalo labda jirani yenu analo.

Jambo moja hunichekesha kwa kuwa mimi ni mtu wa shule. Katika seminari za Orthodoksi, mahali walipofunzwa wana wa makasisi, wakubwa wa shule walikuwa na desturi ya kuwabatiza wanafunzi wao majina mapya ya ukoo. Wengine walipewa majina ya sikukuu, kama Voskresensky, yaani wa Ufufuo, au Troitsky, wa Utatu. Wengine walipewa majina ya maua, na wengine ya Kilatini. Mvulana mmoja, mwana wa kasisi wa kijijini, aliyezaliwa mwaka 1772 katika jimbo la Vladimir, alipewa jina la Speransky kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kutumaini. Mikhail Speransky huyo akawa mshauri mkubwa wa Kaizari Alexander wa Kwanza, na baadaye ndiye aliyezikusanya sheria zote za Urusi na kuzipanga katika vitabu. Aliyempa jina alitumaini sawasawa. Lakini nafikiri pia juu ya wale wengine waliopewa majina makubwa wakarudi kulima bustani za kanisa.

Sasa nalirudia lile swali, "Wewe ni wa nani?" Nilisema lina majibu ya namna mbili. Mtoto huru hujibu kwa kumtaja baba. Lakini sehemu kubwa ya wakulima wa Urusi hawakuwa huru. Sheria ya mwaka 1649 iliwafunga katika ardhi ya mabwana zao, wasiweze kuondoka, wala wao wala watoto wao. Na kadiri miaka ilivyopita hali yao ikazidi kufanana na utumwa, hata wakauzwa na kununuliwa. Mkulima wa namna hiyo akiulizwa ni wa nani, alilitaja jina la bwana wake, na kwa neno lenye mwisho ule ule. Lugha haikutenga baina ya mwana na mali.

Mabwana walilipa kodi kwa hesabu ya vichwa vilivyoandikwa katika daftari la serikali, na daftari hilo halikufanywa upya ila baada ya miaka mingi. Mkulima akifa katikati, jina lake lilibaki, na bwana aliendelea kulilipia. Juu ya jambo hilo Gogol alitunga kitabu chake Roho Zilizokufa, kilichochapishwa mwaka 1842, kuhusu mtu mwerevu azungukaye nchini akinunua majina ya wakulima waliokufa, ili aonekane tajiri katika makaratasi. Wasomaji walicheka, lakini msingi wa kicheko hicho ulikuwa sheria ya kweli.

Babu yake Anton Chekhov, mwandishi wa hadithi, alikuwa mmoja wa wakulima hao. Aliweka akiba miaka mingi, na mwaka 1841 akajikomboa yeye na jamaa yake kwa rubles 3,500. Tusomapo jina la Chekhov juu ya kitabu, yafaa tukumbuke kwamba lilinunuliwa kwa fedha taslimu.

Na palikuwa na watu wa namna nyingine, ambao damu yao ilikuwa ya kibwana lakini jina hawakupewa. Bwana mkubwa akizaa nje ya ndoa, pengine alimpa mtoto jina lake lakini kwa kulikata kichwa. Mfalme mdogo Ivan Trubetskoy, alipokuwa mateka wa vita katika nchi ya Swedeni, alizaa mtoto huko Stockholm mwaka 1704. Mtoto aliitwa Betskoy. Herufi tatu za kwanza zilizuiwa. Kila aliyelisikia jina hilo alijua habari yote bila ya kuambiwa. Ivan Betskoy akakua, akasoma, akawa mtu wa karibu wa Kaizari Catherine wa Pili, na kwa shauri lake likafunguliwa mjini Moscow, mwaka 1764, jumba la kulelea watoto waliotupwa na wazazi wao. Vivyo hivyo mwana wa Mfalme mdogo Repnin aliitwa Pnin. Huyu baba yake alimsahau katika wasia wake, naye akaandika makala ya kuwatetea watoto wa namna yake, akamkabidhi Kaizari Alexander wa Kwanza.

Lakini anayenigusa kuliko wote ni Vasily Zhukovsky. Mwaka 1770 askari wa Kirusi waliiteka ngome ya Waturuki ya Bender, na miongoni mwa mateka alikuwamo mwanamke kijana jina lake Salha. Alipelekwa katika nyumba ya bwana mmoja mwenye mashamba, Afanasy Bunin. Akabatizwa, akaitwa Elizaveta, na jina la ukoo akapewa Turchaninova, yaani "wa Mturuki". Hilo ndilo jina alilopewa mtu ambaye hakuna aliyejali babaye ni nani. Mwaka 1783 Salha alimzalia Bunin mtoto wa kiume. Bunin alikuwa na mke na watoto wa ndoa, hivyo hakumpa mtoto jina lake. Palikuwa na maskini mmoja wa kibwana aliyekaa nyumbani humo kwa hisani, Andrei Zhukovsky. Huyo akawa baba wa ubatizo, akampa mtoto majina yote mawili, la baba na la ukoo. Hivyo mwana wa Afanasy Bunin na Salha aliitwa maisha yake yote Vasily Andreyevich Zhukovsky. Hakuna hata neno moja katika majina hayo lililomtaja baba wala mama.

Zhukovsky akawa mshairi mkubwa. Mwaka 1838 picha yake ilichorwa, ikachezewa bahati nasibu kwa rubles 2,500, na fedha hizo zikamkomboa kijana mchoraji na mshairi wa Ukraina, Taras Shevchenko, kutoka kwa bwana wake. Tena kwa miaka mingi Zhukovsky alikuwa mwalimu wa mtoto wa Kaizari. Mtoto huyo akarithi kiti mwaka 1855 kwa jina la Alexander wa Pili, na mwaka 1861 akatoa amri ya kuwafungua wakulima, watu zaidi ya milioni 20. Mwalimu wake alikuwa amekwisha kufa miaka tisa kabla yake, hakuiona siku hiyo.

Uhuru ulipokuja, makaratasi yalitaka jina. Wengine waliandikwa jina la baba, wengine la babu, wengine lakabu waliyoitwa kijijini. Wengine waliandikwa kwa jina la yule yule bwana aliyekuwa akiwamiliki, na ndiyo sababu leo watu wa jina moja wanaweza kuwa wazao wa mtawala na wazao wa mkulima wake. Hata hivyo kazi haikwisha upesi. Mwaka 1888 baraza kuu la sheria, Seneti, liliona kuwa wengi wangali hawana jina la ukoo, likatangaza kwamba kuwa nalo ni haki ya mtu, tena ni wajibu wake.

Baadaye walitokea watu waliolitupa jina walilopewa wakajichagulia wenyewe. Vladimir Ulyanov, ambaye babu yake alikuwa mshoni wa nguo katika mji wa Astrakhan, alijiita Lenin. Iosif Dzhugashvili, Mjorjia, alijiita Stalin kutoka neno lenye maana ya chuma cha pua, naye akawatawala watu kama jina lilivyoahidi. Msichana mmoja, Anna Gorenko, alizaliwa mwaka 1889, na alipoanza kutunga mashairi baba yake alimkataza kuliaibisha jina lake. Akajibu kwamba hana haja na jina hilo, akachukua jina la upande wa mama lenye asili ya Kitatari, Akhmatova. Ndani yake mtalisikia jina la Ahmad. Jina la babaye sasa hutajwa kwa sababu yake yeye tu.

Nimebakiza mtu mmoja, wa bara letu. Karibu na mwaka 1704 mtoto wa Kiafrika aliletwa Urusi kutoka Constantinople, mahali alipokuwa mtumwa katika mji wa Sultani. Peter Mkuu alimpenda, akawa baba yake wa ubatizo mwaka 1705, na kwa hiyo mtoto akaitwa Abram Petrovich: jina la baba alipewa la Kaizari mwenyewe. Alipelekwa Ufaransa kusomea ufundi wa ngome na mizinga. Jina la ukoo hakuwa nalo, na makarani walimwandika Abram Petrov. Alipokuwa mtu mzima alijichagulia mwenyewe jina la Gannibal, ndivyo Warusi wamtamkavyo Hannibal, yule jemadari wa Afrika ya Kaskazini aliyewatetemesha Warumi. Alikufa mwaka 1781 akiwa jemadari mwenye mashamba. Na ni lazima niseme pia kwamba katika mashamba hayo, aliyoletwa Urusi akiwa mtumwa, naye alikuwa na wakulima wasio huru.

Mjukuu wake, Nadezhda Gannibal, aliolewa na bwana wa ukoo wa Pushkin, jina litokalo katika lakabu Pushka, maana yake mzinga. Mtoto wao ni Alexander Pushkin, aliyezaliwa mwaka 1799, ambaye Warusi humhesabu kuwa mshairi wao wa kwanza. Serikali ilipomhamishia shambani kwa adhabu, mwaka 1824, alikaa katika shamba lile lile alilopewa Abram. Jirani yake hapo aliishi mzee mmoja, wa mwisho katika wana wa Mwafrika yule, na Pushkin alimwendea kumwuliza habari za babu yao kabla hajafa. Mzee huyo aliitwa Petr Abramovich Gannibal, na jina hilo, Mabibi na Mabwana, sasa mwaweza kulisoma wenyewe.